Nina watu mia saba wanaoangalia stori zangu Snapchat, mbona sioni pesa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, ana miaka 23, nalifupisha kidogo: "Kaka, mimi natia hina na piko, nyumbani na kwenye maharusi. Snapchat nina wafuasi 4,300 hivi na stori zangu zinaangaliwa na watu mia sita mpaka mia saba kila siku. Kuna mwenzangu tulisoma pamoja sa hizi yuko Dubai, anasema Snap inamlipa dola kila mwezi, mimi sijaona hata ndururu. Kuna mtu kaniambia nimtumie 5,000 anifungulie malipo. Mama naye ananigombeza, anasema namaliza bando kwa picha zinazopotea. Nifanyeje, ama nihamie TikTok tu?"

Dadangu, kabla ya yote hiyo 5,000 usitume. Hakuna mtu hapa Kenya wala kwengine kokote mwenye kitufe cha kukufungulia malipo ya Snapchat, malipo yakija yanakuja ndani ya akaunti yako wewe mwenyewe, Snap, yaani kampuni yenye Snapchat, ndiyo inakujulisha, na hulipi kitu. Huyo akishakula hiyo 5,000 atakuomba na namba ya siri eti aingie arekebishe setingi, ukimpa tu akaunti imekwenda na watu wako wote 4,300. Na kama ushampa, acha kusoma kwanza, nenda ukaibadilishe hiyo namba ya siri alafu uwashe ule uthibitisho wa hatua mbili, ndio urudi.

Haya. Mwenzako wa Dubai hakudanganyi. Tangu tarehe 1 Februari 2025 Snap ilikusanya programu zake za kulipa watu ikawa moja, wanaingiza matangazo katikati ya stori za watu na kwenye vidio za Spotlight (ule ukumbi wa vidio za watu wote ndani ya Snapchat) zinazozidi dakika 1, alafu pesa ya lile tangazo wanamgaia mwenye stori fungu lake. Sasa masharti: wafuasi wasiopungua 50,000, uposti angalau mara 25 kwa mwezi, uwe umeposti siku 10 kati ya siku 28 zilizopita, na ndani ya hizo siku 28 upate moja kati ya matatu, snapu zako ziangaliwe mara milioni 10, au vidio zako za Spotlight mara milioni 1, au muda wa watu wote waliokuangalia ujumlishwe ufike saa 12,000. Na juu ya hayo uwe unaishi kwenye nchi iliyomo kwenye orodha yao, Dubai imo. Watu wanakwambia washa VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, ujifanye uko huko, usijaribu, pesa inafuata karatasi zako za malipo na hapo ndipo utakapokwama baada ya kutoka jasho miezi.

Tufanye hesabu yako. Watu 700, tuseme kila siku unaweka snapu 10 na wote wanaziangalia mpaka ya mwisho (hawaziangalii zote, lakini tuseme), kwa siku 28 hiyo ni mara 196,000. Milioni 10 ni kama mara 51 ya hapo. Sikwambii haiwezekani, wapo walioanza na mia saba wakafika, nakwambia tu usiitegemee kwa kodi ya nyumba ya mwezi ujao.

Na hata ungefika kuna jambo watu hawaelezwi. Pesa ya Snap karibu yote ni ya matangazo, mwaka 2024 waliingiza dola bilioni 5.36 na bado wakafunga mwaka na hasara ya karibu dola milioni 700, yaani wao wenyewe bado hawajapata faida ya kugawa ovyo. Kwenye vitabu vyao vya hesabu dunia wameikata mafungu matatu, Amerika ya Kaskazini, Ulaya, na kwengineko. Sisi tuko kwengineko. Mtu mmoja wa Marekani anawaingizia pesa mara kadhaa kuliko mtu wa huku, kwa sababu makampuni ya kule yanagombania kumwonyesha matangazo ya magari na bima na bei inapanda, huku wagombaniaji ni wachache. Kwa hivo hata watu laki moja wa Likoni na Mtwapa wakikuangalia, mgao wake haulingani na watu laki moja wa Texas, na hapo ubora wa hina yako hauna neno kabisa.

Huu uvumi wa dola za bure una mahali ulipoanzia. Novemba 2020 Snap walipoanzisha Spotlight walitangaza kugawa dola milioni 1 kila siku kwa vidio zinazopendwa, vijana wakaposti vidio za mzaha wakaamka wana pesa ambazo wazazi wao hawajawahi kuziona, na kwa mwaka 2021 Snap wenyewe wanasema waligawa zaidi ya dola milioni 250 kwa watu zaidi ya 12,000. Lakini ile milioni ya kila siku ilipunguzwa huo huo mwaka 2021. Zile skrinishoti za mapesa unazotumiwa nyingi ni za wakati ule ama za watu wanaokuuzia kozi.

Sasa nikwambie kinachonifanya nikuandikie kirefu hivi. Wewe tayari una kitu ambacho mimi nalipwa kukitafuta, mimi kazi yangu ni kushika simu za maduka, ya madera, ya udi na manukato, ya keki, naposti kwa niaba yao, na duka lenye wafuasi elfu ishirini mara nyingi stori yake inaangaliwa na watu mia mbili. Wewe kwa 4,300 unapata mia saba. Hao mia saba wanafungua simu usiku wakutafute wewe. Uliza tena wengi wao ni nani: ni wasichana wa Mombasa, ndugu zao, mashoga zao, na kila mwezi kuna mmoja wao anaolewa.

Zamani kabla Snap hawajaanza kumlipa mtu yeyote, watu walikuwa wanakula kutokana nayo. Hii apu waliitoa wanafunzi wa Stanford mwaka 2011, ikiitwa Picaboo kabla ya kubadilishwa jina, stori za saa 24 zikaja 2013. Wakati huo kulikuwa na jamaa wa Utah, Shaun McBride, watu wanamjua kwa jina la Shonduras, alikuwa anachora kwa kidole juu ya snapu zake, michoro tu ya kuchekesha, watu wakawa wanaingoja, na makampuni kama Disney yakamwita afanye nao kazi. Desemba 2015 mwanamuziki DJ Khaled alipotea baharini usiku kule Miami akiwa juu ya pikipiki ya maji, na huku amepotea anajirekodi kwenye Snapchat kipande kwa kipande, watu hawalali wanataka kujua kafika nchi kavu ama hajafika. Snap haikumlipa kwa ile stori, haikuwa inamlipa mtu. Lakini ile hamu ya "ikawaje?" ndiyo iliyoleta makampuni mlangoni kwake.

Na hapo ndipo kazi yako inapokaa vizuri kuliko kazi nyingi ninazozijua. Hina ina saa zake. Unatia usiku, asubuhi unabandua rangi ikiwa ya machungwa, mtu asiyejua anaweza kudhani imekataa, alafu ndani ya siku moja mpaka mbili inaiva inakuwa ile nyekundu ya kahawia iliyokolea. Stori inakaa saa 24. Umeona? Leo usiku unaonyesha mkono umewekwa juu ya mto, koni inaanza kwenye kifundo, mstari wa kwanza, majani mawili matatu, ua la katikati ya kiganja unaliacha nusu, unazima simu. Usimalizie. Kesho asubuhi unaonyesha inabanduliwa, vile vipande vikavu vinaanguka kwenye gazeti na chini yake machungwa, unaandika tu "ngojeni kesho". Keshokutwa mkono ule ule, dirishani, mwanga wa saa tatu asubuhi, rangi imeiva. Aliyekosa ya jana imempotea na anajua imempotea, kwa hivo kesho hakosi. Hilo ndilo jibu la mamako, mwambie kwa adabu kwamba kupotea kwake ndiko kunakowarudisha watu kila siku, zingekuwa zinakaa wangesema nitaangalia siku nyengine na hawaji.

Na piko uiseme ukweli wake. Ile nyeusi ya unga wa kupakia nywele ina dawa inayoitwa PPD na inaunguza watu, nimeona mkono wa biharusi umetoka malengelenge siku mbili kabla ya harusi na hiyo picha sitaisahau. Wewe onyesha kwenye stori unavyochanganya hina yako, majani yaliyosagwa, ndimu, mafuta ya mkaratusi, acha watu waone ndani ya bakuli. Mama wa biharusi akiona bakuli lako halina siri atakuita wewe hata kama wa jirani ni rahisi.

Sasa pesa inaingiaje. Kwenye snapu kuna alama ya kibanio cha karatasi, hapo unabandika linki, bandika linki ya WhatsApp yako ya biashara, mtu akigusa anaangukia kwenye mazungumzo na wewe moja kwa moja. Andika bei. Wallahi sijui kwa nini watu wetu wanaficha bei, "njoo inbox", mtu ana haya ya kuuliza anaondoka kimya. Andika mikono mpaka kifundo kiasi fulani, mpaka kiwiko kiasi fulani, biharusi mikono na miguu kiasi fulani, nauli ya kuja Nyali au Kilifi kiasi fulani. Alafu kila Jumapili jioni weka kalenda ya wiki, siku zilizojaa zipige mstari, zilizobaki ziache wazi. Watu wakiona Ijumaa na Jumamosi zimeshapigwa mstari wanawahi kuchukua siku zao.

Na arbuni. Nusu, kwa till yako ya malipo ya simu, kabla hujaandika jina la mtu kwenye daftari. Bila arbuni hakuna siku iliyoshikwa, hata awe binamu yako.

Hapa nikupe kisa changu maana kilinifunza. Nilikuwa nashika simu ya dada mmoja mpika keki, mteja mmoja akatuma oda usiku ndani ya Snapchat yenyewe, keki kilo mbili, vanila, jina la mtoto vile linavyoandikwa, kesho saa kumi alasiri. Nikasoma nikajibu "sawa mama", nikalala. Asubuhi nafungua kuchukua jina hakuna kitu, mazungumzo meupe, kwa sababu ile Snapchat ilikuwa imewekwa ifute meseji ukishaisoma ukatoka. Tukabahatisha jina. Herufi moja haikuwa sawa, na siku ya kuzaliwa ya mtoto ndiyo picha ambayo familia inakaa nayo miaka yote. Tulirudisha pesa na yule mama hakuwa na makosa yoyote. Kwa hivo wewe fanya hivi, oda ikija Snapchat bonyeza ile meseji kwa kidole uishikilie mpaka uone pa kuihifadhi, uihifadhi, na kwenye setingi za mazungumzo chagua zifutwe saa 24 baada ya kusomwa badala ya papo hapo, na juu ya hayo hamishia WhatsApp na uandike kwenye daftari la karatasi. Jina, siku, mahali, arbuni, salio. Na safu moja zaidi: kanijuaje. Hiyo safu ndiyo itakayokwambia baada ya miezi miwili kama Snapchat inakulipa au ni mashoga wa mamako ndio wanaokulipa.

Tuseme kwa mwezi hao 700 wakuletee mabiharusi watatu tu na mikono ya kawaida ishirini. Weka bei zako hapo mwenyewe ujumlishe. Alafu ulinganishe na hizo dola ambazo ungengoja mpaka ufikishe watu 50,000.

Jambo la stara, na hili naomba ulisome mara mbili. Wasichana wetu wa pwani wanaipenda Snapchat kwa sababu ya stara, nguo ya kupamba inaonekana na shoga zake alafu inapotea, na mtu akipiga skrinishoti anajulikana. Wewe unaingia nyumba za watu usiku wa hina, wanawake wameachia nywele, wamevaa vya ndani ya nyumba. Simu yako isinyanyuke zaidi ya mkono. Kata fremu kwenye kiwiko, angalia na kioo kilichoko nyuma, angalia na sauti pia maana kuna wanaojulikana kwa sauti. Na uombe ruhusa kabla, kwa maandishi, meseji moja tu ya WhatsApp "naomba kuonyesha mkono wako kwenye stori zangu" naye ajibu ndio. Hapa Kenya kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja wake bila idhini yake. Hiyo ni klabu, ina pesa, wewe faini kama hiyo unaitoa wapi. Na zaidi ya faini, biharusi mmoja akionekana uso bila kutaka, mtaa mzima unajua kwa siku moja na hakuna atakayekuita tena kwake.

Mlango wa pili wa pesa ni maduka mengine. Duka la madera, la viatu vya harusi, mpambaji wa ukumbi, hao wote wanawataka hao hao mia saba wako. Usiwatajie wafuasi 4,300, watajie walioangalia, na uwaonyeshe skrinishoti ya stori ya jana na juzi ikiwa na namba. Usikubali kulipwa dera moja kwa kazi ya siku nzima, dera halilipi stima. Anza na bei ndogo ya stori za siku moja, snapu tatu au nne, unaingia dukani, unagusa kitambaa, unasema bei na mahali, umemaliza, alafu baada ya wiki umuulize mwenye duka wangapi wamesema wametoka kwako. Wakiwa wamekuja panda bei. Na sema wazi kwamba umelipwa, watu wako wanakuamini kwa sababu mpaka sasa umekuwa ukionyesha kitu unachokijua. Ukitangaza mkorogo wa kujichubua kwa sababu wamelipa elfu tatu, hawa mia saba utawauza wote kwa elfu tatu. Na tangu sheria ya fedha ya 2023 malipo ya namna hii yana kodi ya zuio ya asilimia 5, kampuni inayokulipa inakata inapeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wewe dai ile karatasi ya makato uiweke.

Kwa kuwa kuna dada zetu wengi wako Saudia na Snapchat kule ndiyo kila kitu, niwaambie na wao hapa hapa: kule kutangaza biashara mitandaoni kunataka leseni, inaitwa Mawthooq, ada yake riyali 15,000 kwa miaka 3, na tangu 2022 wakasema wazi kwamba mgeni asiye na leseni hatangazi, adhabu imetajwa mpaka kifungo cha miaka 5 na faini mpaka riyali milioni 5. Kwa hivo dadangu ukiwa na shoga yako Jeddah au Riyadh usimwambie "nitangazie kazi yangu huko nikupe kitu". Unamtia kwenye matatizo makubwa kwa jambo dogo.

Alafu kuna wale wanaume watakaokuandikia. Wewe hukuuliza, lakini kwa akaunti ya msichana yenye wafuasi elfu nne najua wapo. Anaanza kwa kusifu mikono, alafu anataka kukulipa kwa picha "zako za kawaida tu", alafu za faragha, anakwambia si zinapotea. Hazipotei. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki Snapchat kwa kuwadanganya watu kwamba picha zinapotea, kwa sababu zilikuwa zinaweza kuhifadhiwa kwa njia nyingi, na mwanzoni mwa mwaka huo huo majina na namba za simu za watu milioni 4.6 zilimwagwa nje. Simu ya pili ikishikwa juu ya simu ya kwanza inapiga picha na hakuna taarifa inayokuja kwako. Wakishaipata ndio wanageuka, tuma pesa ama namtumia kakako. Kama ishatokea, au ikitokea kwa mtu unayemjua, usitume hata shilingi, maana ukituma leo kesho anarudi, hifadhi ushahidi wote, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini hata kama utaona haya, na uripoti. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamshika anayesambaza picha za faragha za mtu, faini mpaka shilingi 200,000 au kifungo mpaka miaka 2 au vyote. Huyo ndiye mkosaji, aliyetumiwa vitisho hana kosa la kuficha.

Kuna kitu kimoja cha mbele zaidi nakuachia kama mbegu. Snap wanatoa programu ya kompyuta ya bure, Lens Studio, ipo tangu 2017, ndiyo watu wanayotengenezea lenzi, yaani yale mapambo ya kwenye kamera kama masikio ya mbwa, na inaweza kuutambua mkono wa mtu. Fikiria biharusi anafungua simu, ananyoosha kiganja, anauona mchoro wako umekaa juu ya mkono wake kabla hujaja. Ukiwa na mdogo wako ama mpwa anayesoma mambo ya kompyuta, mpe michoro yako mitano ajaribu. Wapo watu wanaoishi kwa kutengenezea makampuni lenzi tu.

Kuhamia TikTok, hapana, usihame, lakini nenda na huko. Ile vidio ya ua likikamilika, ambayo kwenye Snapchat uliikata, iposti nzima TikTok na Spotlight, ndiyo inayoleta watu wapya wasiokujua, alafu waambie rangi ikiiva wataiona Snapchat. Ihifadhi kwenye simu yako kabla ya kuiposti popote, ikiwa safi, manake ukiishusha kutoka TikTok inakuja na ile nembo yao na Spotlight wanazikataa vidio zenye nembo za wengine. Na ile alama yako ya njano ya Snapchat, ile ya vidoto, ichapishe kwa shilingi chache uibandike kwenye mfuniko wa sanduku lako la koni. Usiku wa hina kuna wanawake thelathini wamekaa wanasubiri zamu, simu mkononi, sanduku liko mbele yao masaa matatu.

Mapema sasa, kabla ya Shaaban maana ndio maharusi yanapobanana kabla ya Ramadhani, kaa siku moja uandike bei zako, ufungue daftari, uombe ruhusa kwa wateja watatu wa kwanza. Ukifunga mwezi niandikie hiyo safu ya "kanijuaje" inasemaje, nitakufanyia hesabu tuone tupandishe bei ama tutafute maduka.